Uliza Fundi: Skatingi zimevimba, kona zimeachia, mchwa wako ndani ya fremu

Masika yakiisha watu wanaanza kusogeza makochi na makabati, na hapo ndo wanaona ukuta ulivyo kule chini, kwa hiyo barua za mwezi huu nyingi ni za skatingi na mbao za milangoni. Kwa ambao hawajazoea haya majina: skatingi ni ule mkanda wa chini ya ukuta pale unapokutana na sakafu, uwe wa mbao, MDF, plastiki au tiles, na akitrevu ni ile mbao inayozunguka fremu ya mlango kuficha mwanya kati ya fremu na plasta. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Tabata, tumepanga ila tumekaa muda mrefu na mwenye nyumba tunaelewana. Skatingi za korido ni za MDF zimepakwa rangi nyeupe, sasa kile kipande cha karibu na mlango wa bafu kimevimba mpaka rangi imepasuka. Alikuja fundi akapiga msasa akajaza wolputi akarudishia rangi, ikakaa vizuri kidogo tu halafu ikavimba tena na sa hivi ni mbaya kuliko mwanzo. Mume wangu anasema tung'oe nyumba nzima tuweke mpya. Kweli inabidi?
Mama wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mama. Hapana, msing'oe nyumba nzima, hela hiyo iacheni kwanza. Tatizo liko hapo mlangoni na ndo pa kushughulikia.

MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa zikachanganywa na gundi zikakandamizwa kwa joto, ikinywa maji zile nyuzi zinafumuka na zikishafumuka hazirudi hata ikauke vipi. Fundi alipopiga msasa aliondoa ule uvimbe wa juu lakini pamoja na uvimbe akaondoa na ngozi ngumu iliyokuwa inaikinga, akabakiza sehemu laini ya ndani ambayo inanyonya maji haraka zaidi, akaziba na wolputi ambayo ni ya ukuta na yenyewe inanyonya maji vilevile. Ndo maana mara ya pili imekuwa mbaya zaidi. MDF iliyovimba haitengenezwi, inakatwa.

Ila kabla ya kukata chochote tafuta maji yanatoka wapi, na hili naomba mlifanye kwa utulivu maana mafundi wengi wanaliruka. Kwanza angalia deki, kama mnamwaga maji mengi na kusukuma kwa fagio basi kila siku ile skatingi inalowa chini, na MDF inanywea chini pale ilipokatwa na haikupakwa rangi. Pili mwaga kikombe cha maji ndani ya bafu karibu na mlango uone yanakimbilia wapi, kama yanakuja koridoni badala ya kwenda kwenye tundu la maji basi mteremko wa sakafu ni mbaya na inabidi mlangoni pawekwe kizuizi. Tatu, bomba ndani ya ukuta: usiku fungeni koki zote, soma namba za mita ya maji, asubuhi kabla mtu hajafungua maji soma tena, zikiwa zimesogea kuna sehemu inavuja. Na kama nyote hamna uhakika chukua kipande cha nailoni nene ubandike ukutani juu ya skatingi na selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Maji yakitokea upande wa ndani wa nailoni, yaani kati ya nailoni na ukuta, basi ukuta wenyewe una maji. Yakitokea upande wa nje ni unyevu wa hewa tu.

Chanzo kikishajulikana na kuzibwa ndo mnang'oa. Pitisha kisu chenye wembe kwenye mstari wa juu ambapo skatingi inakutana na ukuta, hii rangi iliyoshikana usipoikata itaondoka na plasta. Ingiza skrepa kwanza, halafu bapa la mtaimbo mdogo na nyuma yake uweke kipande cha mbao ili mtaimbo usitoboe ukuta, na vuta pale penye msumari, usivute katikati. Hamhitaji kutoa yote, pima sentimeta kama 30 kupita pale uvimbe unapoishia, kata kwa mshazari ili kiungo kilale kimoja juu ya kingine kisionekane kama ufa. Uacheni ukuta ukauke kwanza, rudieni ile ya nailoni mpaka itoke kavu.

Pale mlangoni pa bafu mi nisingerudisha MDF kabisa. Weka skatingi ya tiles, fundi anakata vipande vya kimo cha sentimeta 10 kutoka kwenye tile inayofanana na ya sakafu, au skatingi ya PVC, yaani ya plastiki. Kama mwenye nyumba anataka ifanane basi iwe mbao au MDF lakini ipakwe praima ya mafuta pande zote, mbele, nyuma, na hasa makali ya chini yapakwe mara mbili, na ikae juu ya sakafu kwa mwanya wa milimita 3 hivi. Halafu rangi pakeni kuanzia kona mpaka kona, msipake kipande kipya peke yake, maana nyeupe ya rangi ya mafuta inageuka njano kadri inavyozeeka hasa sehemu zisizopata mwanga kama korido na kiraka kitaonekana tu.

SWALI: Kaka fundi mambo vipi. Nimejenga huku Arusha, skatingi nimeweka za mbao ya paini, nilizichongesha kabisa zikawa na urembo juu. Fundi alikata kona zote kwa nyuzi 45 kwa mashine zikakaa safi mpaka nikamuongezea hela. Ilikuwa kipindi cha mvua. Imefika Februari kona karibu zote za ndani zimefunguka, nyingine unaingiza hata sarafu. Nimejaza fila, ikadondoka. Fundi anasema nyumba imetitia, lakini ukuta hauna ufa hata mmoja.
Kijana wa Njiro

JIBU: Poa kaka. Nyumba haijatitia, mbao ndo imekauka. Uliiweka ikiwa na maji ndani yake na Januari Februari ya Arusha ikayatoa.

Hili nataka nilieleze vizuri maana linawaumiza wengi wanaonunua mbao na kuipeleka kwa fundi wiki hiyohiyo. Mbao ikikauka haipungui urefu, au inapungua kidogo sana usiweze kuona, inachopungua ni upana na unene. Skatingi ya sentimeta 10 iliyochongwa mbichi inaweza kupungua milimita 2 mpaka 4 juu chini ikikauka. Sasa kona ya 45 inategemea unene wa mbao zote mbili ubaki kama ulivyokuwa siku ya kukata, ukibadilika tu ule mshono unafunguka. Ongeza na hili, hakuna kona ya nyumba iliyo nyuzi 90 kamili, plasta huwa inajazana kwenye kona, fundi akikata 45 na 45 zinagusana sehemu moja tu na kwingine anaficha na fila. Na fila ngumu inadondoka kwa sababu mbao inaendelea kutanuka na kusinyaa kila msimu.

Maseremala wa zamani kona za ndani hawakuzikata 45 kabisa. Mbao ya kwanza inakatwa wima, 90, inaenda mpaka inagusa ukuta wa pembeni. Ya pili ndo inachongwa mwisho wake ufuate umbo la ya kwanza, yaani inailalia usoni. Unafanya hivi: ile ya pili unaikata kwanza 45 kama kawaida, ukishaikata utaona mstari wa urembo umejichora wenyewe pale makali ya mbele yanapoishia. Chukua ule msumeno mwembamba wa upinde ufuate huo mstari, huku umeulaza kidogo ili nyuma uondoe mbao nyingi kuliko mbele, halafu malizia na tupa ya duara na msasa. Jaribu, toa, sugua, jaribu tena. Mbele pale kwenye makali ndo panagusana, nyuma pana nafasi, kwa hiyo hata kona ikiwa na nyuzi 88 au 92 bado inakaa. Na ikikauka baadaye mbao moja inateleza juu ya uso wa nyingine, mwanya hauonekani. Kona za nje, zile zinazojitokeza, hizo zinabaki 45 lakini zinapakwa gundi ya mbao na kushikiwa na vimisumari viwili kutoka pande mbili.

Kwako wewe sio lazima ununue upya zote. Kona zilizofunguka milimita moja au mbili, chana kiberiti cha mbao ya paini hiyohiyo, yaani kipande chembamba kama kisu, kipake gundi, kisukume ndani ya mwanya, kesho yake kikate kwa patasi kali kilingane. Hicho hakidondoki. Zilizofunguka zaidi panga upya: toa skatingi ya ukuta mrefu, kata ile ncha yake ya 45, ihamishie ukuta unaofuata kwa ufupi, na ile ya ukuta huo ihamishie ukuta mfupi zaidi, mwisho wa siku unanunua mbao za kuta ndefu tu, sio za chumba kizima, na kila kona inapata mbao yenye mwisho wa 90. Ile ya pili, yenye 45 tayari, unaichonga hapohapo bila kupoteza urefu.

Hiyo mbao mpya utakayonunua, iweke ndani ya chumba chenyewe, imelazwa juu ya vijiti hewa ipite chini na juu. Kujua kama imekauka kata kipande kidogo ukipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki uandike, uzito ukiacha kushuka imekauka. Na usipake rangi mbele tu, nyuma pia, mbao iliyopakwa upande mmoja inajikunja.

SWALI: Assalam aleikum fundi. Sie tuko Kisauni Mombasa, nyumba ya mzee imejengwa zamani. Kila mwaka juu ya skatingi ukuta unatoa unga mweupe kama chumvi, rangi inabanduka, na skatingi za mbao zimeoza kwa nyuma, ukizigonga zalia tupu. Tumepaka rangi ya maji, ya mafuta, tumepaka hata simenti. Dawa ni gani?
Binti wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dada. Huo unga ni chumvi kweli. Nyumba nyingi za pwani zilijengwa kwa maji ya kisima yenye chumvi, nyingine hata mchanga ulitoka ufukweni, na zile za zamani chini ya msingi hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu kupanda. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta, yanafika usawa wa goti au kiuno, yanatoka nje kama mvuke na chumvi inabaki juu ya plasta, ikiganda inatanuka na kuivunja plasta. Rangi ya mafuta na simenti nzito mlizopaka zimeyafungia maji ndani, yakatafuta pa kutokea, yakatokea nyuma ya skatingi. Ndo maana mbao imeoza nyuma na mbele iko nzima.

Kwa hiyo dada yangu, kwanza toeni hizo skatingi zote za huo ukuta ili upate hewa. Ile chumvi isugueni kwa brashi kavu na mkusanye unga mkautupe nje, msioshe kwa maji, mkiosha chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Zungukeni nje ya nyumba: kama udongo au baraza la simenti limepanda juu kuliko sakafu ya ndani, lichimbeni lishuke, na maji ya paa yapelekwe mbali na msingi kwa mfereji. Hiyo kazi ya nje inasaidia kuliko rangi yoyote ya dukani. Plasta iliyolegea ing'olewe mpaka kwenye jiwe, kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe plasta ya chokaa inafaa kuliko ya simenti kwa sababu inaruhusu ukuta kupumua, na juu yake rangi ya chokaa au emalsheni nyepesi.

Skatingi ya mbao kwenye ukuta wa namna hiyo mi nisingeirudisha mpaka upite msimu mzima wa mvua bila unga kutoka. Kama mnaitaka sana basi ifungwe kwa skrubu na fisha (kile kiplastiki kinachoingia kwenye tundu la ukuta kushika skrubu), nyuma yake pawe na vipande vidogo vya plastiki vya kuiachanisha na ukuta, na msiizibe juu kwa silikoni, hewa ipite. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, chumvi inazila zile za kawaida haraka sana.

SWALI: Fundi habari. Akitrevu na fremu ya mlango wa chumbani imeliwa na mchwa, kwa nje rangi iko nzima ukibonyeza kidole kinazama. Niliuziwa kama mninga, si wanasema mninga hauliwi? Jirani kaniambia nipake oili chafu. Niko Muheza.
Baba wa Muheza

JIBU: Salama mzee wangu. Mninga ni mbao nzuri, lakini kinachostahimili ni kile kiini cha kahawia cha katikati. Ile mbao nyeupe ya pembeni karibu na gome inaliwa kama mbao nyingine yoyote, hata ya mkongo, hata ya mtiki huo wa hapo kwenu Longuza. Ukinunua mbao geuza pande zote nne, ukiona mkanda mweupe upande mmoja ujue hapo ndo watakapoanzia, na wachongaji wengi wanaugeuzia ukutani ambako mteja haoni.

Sasa hakikisha kwanza ni mchwa. Mchwa wanaacha udongo ndani ya mbao, na ukitafuta vizuri chini kwenye sakafu au nyuma ya akitrevu utaona njia zao za udongo zimepanda kutoka ardhini. Kama badala ya udongo unakuta vitundu vidogo vya duara na unga laini unadondoka chini, hao ni wale wadudu wanaotoboa mbao, wengine wanawaita bungua, hawatoki ardhini, dawa yao ni nyingine na ni rahisi zaidi kwa sababu unaipaka kwenye mbao yenyewe.

Oili chafu usipake ndani ya nyumba. Inanuka miezi, inachafua rangi, haishikwi na rangi yoyote baadaye, na mchwa wenyewe wako ardhini wala hawajaguswa, watazunguka watokee mlango wa pili. Mchwa wanazuiwa kwenye udongo. Inatobolewa sakafu pembeni ya ukuta ndani na nje, dawa kama fipronil au imidakloprid inapigwa chini kwa vipimo vya kwenye lebo, na hiyo afanye mtu aliyesomea, watoto na kuku wasiwepo. Na kama kuna kopo la zamani stoo limeandikwa aldrin au dieldrin, usilifungue kabisa, hizo ziliondolewa duniani kwa mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu zinakaa mwilini na kwenye udongo miaka na miaka. Ulizia ofisi ya kilimo namna ya kulikabidhi.

Baada ya hapo chukua bisibisi uchome fremu kuanzia chini kwenda juu kila sentimeta tano mpaka ufike mbao inayogoma. Mara nyingi mchwa wamekula sentimeta 30 au 40 za chini tu. Hapo huna haja ya kung'oa fremu nzima na kuvunja plasta, kata kwa mshazari juu ya pale palipo pazima, tengeneza kipande cha kiini cha mbao ileile kiwe na mshazari huohuo, kipake gundi na skrubu mbili zilizozama, vichwa vyake vizibwe kwa vibao vya duara. Mwisho wa kipande unaogusa sakafu uloweke kwenye dawa ya mbao usiku mzima kabla, huo ndo unanyonya kuliko pande zote. Akitrevu badilisha nzima, ni mbao nyembamba na bei yake haisumbui.

Watu wengi wanauliza ile fila ya kujitengenezea, unga wa msumeno na gundi nyeupe. Inafaa kwa tundu la msumari na ufa mdogo utakaopakwa rangi. Kama mbao yako ni ya vanishi usiitumie, gundi haipokei vanishi na doa litabaki jeusi au jeupe milele.

SWALI: Jambo muzee fundi. Mimi ni mama wa Bukavu lakini sasa tuko Ohio, Marekani, tunalipa apartimenti. Watoto wamegonga mbao za chini na baiskeli, ziko na mashimo na kamoja kamepasuka. Tunahama na ninaogopa watakata pesa yetu ya dhamana. Naweza tengeneza mwenyewe?
Mama wa watoto wane, Ohio

JIBU: Jambo mama, pole na kuhama. Unaweza kabisa, ila kwanza uliza nyumba ilijengwa mwaka gani. Huko Marekani rangi yenye risasi (ile metali ya sumu, wenyewe wanaita lead) ilipigwa marufuku kwenye nyumba za watu mwaka 1978, kwa hiyo kama jengo ni la kabla ya hapo rangi za chini chini zinaweza kuwa na risasi na vumbi lake linaharibu ubongo wa watoto wadogo. Mwenye nyumba kwa sheria alitakiwa akueleze anachokijua kuhusu hiyo rangi kabla hujasaini mkataba. Kama ni nyumba ya zamani usipige msasa mkavu, usichome rangi, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi na yeye alete fundi mwenye cheti cha kazi hiyo.

Kama jengo ni jipya, mashimo yajaze na fila ya mbao, jaza yapite juu kidogo maana inasinyaa ikikauka, kesho yake msasa namba 120 halafu 220, futa vumbi, paka praima kidogo halafu rangi. Iliyopasuka itoe upeleke kipande kwenye duka la vifaa vya ujenzi, skatingi zao zina maumbo ya kawaida na utapata inayofanana, watakukatia urefu unaotaka. Rangi omba kwa meneja wa jengo, mara nyingi wanayo ileile iliyopakwa.

Na piga picha, kabla na baada, zenye tarehe. Mikwaruzo midogo ya kuishi kwenye nyumba inahesabiwa uchakavu wa kawaida na haitakiwi kukatwa kwenye dhamana, mbao iliyopasuka kwa baiskeli hiyo ni yenu, tengenezeni.

SWALI: Fundi, niko Mji Mkongwe Unguja. Mlango wa ukumbini wa bibi una fremu ya nakshi, kipande cha nakshi kimevunjika upande wa kulia na mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, umelegea. Fundi anataka kujaza fila achonge juu kisha apake vanishi nzito ing'ae. Nimkubalie?
Mjukuu, Shangani

JIBU: Usimkubalie, tafadhali. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na milango ya nakshi ni sehemu ya urithi huo, kwa hiyo hatua ya kwanza nenda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe uwaonyeshe picha, watakuelekeza kinachoruhusiwa na watakujulisha kwa wachongaji wanaojua.

Fila ndani ya nakshi haikai, mbao inatanuka na kusinyaa na yenyewe haifuati. Kinachofanyika ni kukata pale palipovunjika pawe na kitako safi, kuunga kipande cha mbao ya aina ileile, iwe msaji, mvule au mfenesi, nyuzi zake zielekee upande uleule, na kuchonga hapohapo kwa kunakili upande wa kushoto, maana mara nyingi pande mbili zinafanana na hiyo ndo ramani yako. Ukipata mbao kuukuu kutoka kwenye dari au sanduku lililobomoka ni bora kuliko mpya, imeshakauka. Kile kipande kilichovunjika kama mnacho kikihifadhiwa kinarudishwa kwa gundi, msikitupe hata kikiwa vipande vitatu.

Mfaa uliolegea usiupigie msumari. Fungueni taratibu, angalieni ulimi wake umeoza au umesinyaa, ukisinyaa unaongezewa ubao mwembamba kwa gundi mpaka ukaze tena. Vanishi nzito inabanduka vipande vipande na kuitoa ndani ya nakshi ni mateso, na nakshi yenyewe inaumia. Safisheni kwa brashi laini, pakeni mafuta ya kitani kidogo sana na kufuta yote yaliyozidi. Vitambaa mlivyotumia vitandazeni nje vikauke au vitieni ndani ya maji, msivikunje mkaviacha kwenye kona, mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka moto chenyewe.

MAJIBU YA HARAKA

Msomaji wa Mbezi anauliza mbona rangi haishiki kwenye ufa wa juu ya skatingi. Umeziba na silikoni, silikoni haipokei rangi. Ikate yote kwa wembe, futa kwa spiriti, ziba kwa akriliki ya kupakwa rangi, ilainishe na kidole chenye maji.

Msomaji wa Dodoma: skatingi inaachia ukutani kila ukiipigilia. Msumari umeingia kwenye plasta tu na plasta imesagika. Toboa na drili mpaka kwenye tofali, weka fisha na skrubu. Kabla ya kutoboa angalia ukuta huo una soketi wapi, waya mara nyingi unashuka au kupanda wima kutoka kwenye soketi, kaa mbali na huo mstari, na kama drili yako ni ya betri uzime meni swichi.

Msomaji wa Moshi anauliza kianze kipi, rangi ya ukuta au skatingi. Skatingi ipakwe praima na koti la kwanza ikiwa chini kabla ya kufungwa, pande zote, halafu ifungwe, matundu yazibwe, ukuta upakwe, na koti la mwisho la skatingi liwe la mwisho kabisa. Kama plasta ni mpya ipe mwezi mzima ikauke kabla ya kuifunga na mbao.